Sabato ya Kwanza Yerusalemu: Mwongozo kwa Msafiri

Makundi mengi ya mahujaji kutoka Afrika Mashariki hufika Yerusalemu na ratiba iliyojaa pomoni: leo Mlima wa Mizeituni, kesho Bethlehemu, keshokutwa Bahari ya Chumvi. Ratiba hiyo si mbaya, ila humpeleka mtu kwenye magofu na makanisa ikampitisha kando ya watu walio hai. Mjini humo wapo watu ambao Torati ndiyo inayowapangia basi lisimame saa ngapi, hoteli ipike nini asubuhi, lifti ifanye kazi vipi na familia ikae mezani usiku gani. Naandika kwa ajili ya msafiri anayetaka kukutana na watu hao kwa heshima. Nitakaa sana kwenye Sabato, siku yao takatifu ya mapumziko inayoanza Ijumaa jioni na kuisha Jumamosi usiku, kwa sababu aliyeielewa Sabato mengine hayamsumbui.

Jambo moja litangulie: Wayahudi wa Israeli hawafanani. Wapo washika dini wa makoti meusi na kofia pana, wapo wanaoshika kiasi, na wapo wengi ambao Jumamosi huenda ufukweni Tel Aviv bila wasiwasi wowote. Kuna ambao babu zao walitoka Poland, wengine Moroko, Yemeni, Iraki au Ethiopia. Mwezi Mei 1991 zaidi ya Wayahudi 14,000 wa Ethiopia walisafirishwa kwa ndege ndani ya saa 36 hivi, na leo vijana wao utawakuta jeshini, hospitalini na kwenye usukani wa mabasi. Ukisemeshwa Kiamhari barabarani usishangae. Kwa hiyo usimpime mtu kwa kumuuliza mbona anakula hiki au mbona anaendesha gari leo. Mwangalie mwenyeji wako anavyofanya, nawe umfuate.

Hatua ya 1: Fungua kalenda kabla ya kukata tiketi

Kalenda ya Kiyahudi hufuata mwezi mwandamo, lakini huongezwa mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19 ili sikukuu zisihame majira. Ndiyo maana Pasaka huangukia Machi au Aprili kila mwaka, wala haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani. Na siku huanza jua linapozama: sikukuu iliyoandikwa Jumatatu imeshaanza Jumapili jioni.

Sikukuu tatu zinagusa safari moja kwa moja. Siku ya Upatanisho, Septemba au Oktoba, nchi husimama kabisa: uwanja wa ndege wa Ben Gurion hufungwa, mabasi hayatembei, na barabara kuu hubaki kwa watoto na baiskeli zao. Watu hufunga saa 25 hivi, bila chakula wala maji. Kama hukujipanga, utabaki hotelini na njaa. Pasaka ni siku saba zisizo na mkate uliotiwa chachu. Dukani rafu za mikate, biskuti na tambi hufunikwa kwa mashuka au karatasi za plastiki, na kifungua kinywa huwa na mikate mikavu ya matza. Sikukuu ya Vibanda huja siku chache baada ya Upatanisho. Watu hujenga vibanda kwenye mabaraza na nje ya migahawa, paa likiwa la matawi yanayoruhusu nyota kuonekana, na kwa siku saba hula humo. Mimi nikiulizwa ni wiki ipi bora ya kwenda, hujibu ni hiyo ya Vibanda, kwa sababu maisha ya nyumbani huwa yametoka nje na mgeni anayaona bila kumsumbua mtu. Hoteli hupanda bei, ni kweli. Kata nafasi mapema.

Angalia pia tahadhari za usafiri zinazotolewa na wizara ya mambo ya nje ya nchi yako. Hali ya usalama huko hubadilika haraka.

Hatua ya 2: Maliza shughuli zako Ijumaa kabla ya saa nane mchana

Wiki ya kazi huanza Jumapili. Mkristo anayetarajia Jumapili tulivu atakuta ofisi zimefunguliwa, watoto wanaenda shule, na mabasi ya asubuhi yamejaa wanajeshi wanaorudi kambini. Utulivu huja Ijumaa alasiri.

Sisi wa karibu na ikweta tumezoea jua kuzama takriban wakati ule ule mwaka mzima. Kule sivyo. Katika Yerusalemu, kwa desturi, mishumaa ya Sabato huwashwa dakika 40 kabla ya machweo. Mwezi Desemba hiyo ni karibu saa kumi alasiri; mwezi Juni ni saa moja jioni na dakika kadhaa. King'ora hulia mji mzima kutangaza. Wageni wengi hushtuka wakidhani ni hatari, kumbe ni mwito wa Sabato.

Kabla ya hapo maduka hufunga, treni ya mjini husimama, mabasi hulala. Kwa hiyo nunua maji, matunda na chakula cha Jumamosi. Weka fedha taslimu mfukoni. Kama hoteli hutumia kadi ya umeme kufungulia mlango na umealikwa na watu wa dini, uliza kama kuna ufunguo wa kawaida. Na kama ndiyo kwanza unafika nchini, ujue hoteli nyingi za Yerusalemu hazipokei mgeni mpya Jumamosi mpaka giza liingie.

Ukiwa na nafasi, pita soko la Mahane Yehuda Ijumaa asubuhi. Ni msongamano mkubwa: mikate ya hala iliyosukwa, samaki, zeituni, maua, akina mama wakikimbizana na saa, wauzaji wakipaza sauti. Karibu na kufunga baadhi yao hushusha bei. Mtu akikuambia Shabat shalom, mrudishie hivyo hivyo. Jumamosi usiku salamu hugeuka kuwa Shavua tov, yaani heri ya wiki mpya.

Hatua ya 3: Teremka kwenye Ukuta wa Magharibi jioni hiyo

Ukuta huu ni sehemu ya kingo za uwanja wa Hekalu zilizojengwa na Herode. Hufunguliwa usiku na mchana, kiingilio hakuna, ila utapita kwenye ukaguzi wa mizigo. Wanaume wana upande wao, wanawake wao. Mwanamume hufunika kichwa. Asiye na kofia hupewa ya kuazima pale pale. Mwanamke avae sketi iliyopita magoti na kufunika mabega. Khanga moja mkobani inatosha kwa Ukuta, makanisa na misikiti ya mji huo.

Watu huingiza vikaratasi vya maombi kwenye nyufa za mawe. Vikaratasi hivyo hukusanywa mara mbili kwa mwaka na kuzikwa kwenye Mlima wa Mizeituni, maana kilichoandikwa kwa Mungu hakitupwi jalalani. Kama nawe unataka kuweka chako, kiandike hotelini kabla ya machweo: kuandika ni kazi iliyokatazwa siku ya Sabato, na hapo uwanjani usitoe kalamu, simu wala kamera. Simama kando, sikiliza. Vijana wa vyuo vya dini huteremka wakiimba na kushikana mabega, wazee husoma Zaburi wakiyumba taratibu. Anapoondoka, mtu hurudi nyuma hatua kadhaa bila kuupa Ukuta kisogo. Fanya hivyo hivyo, ukiangalia usimkanyage aliye nyuma yako.

Hatua ya 4: Ukialikwa mezani, kubali

Hapa ndipo penye kiini cha safari. Chakula cha Ijumaa usiku ndicho kikao kikubwa cha wiki kwa familia ya Kiyahudi, na hata wengi wasioshika dini hurudi kwa wazazi wao jioni hiyo. Mialiko hutokea: kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa mtu mliyefahamiana kazini, kwa jirani wa kwenye basi. Ukaribishaji wa mgeni ni amri wanayoichukulia kwa uzito, wakimkumbuka Ibrahimu aliyewakimbilia wageni watatu kwenye mwaloni wa Mamre. Jibu mapema katika wiki, si Ijumaa mchana.

Zawadi yako ifike kabla ya Sabato kuanza. Usipeleke chakula ulichopika wewe. Jiko lako halikufuata masharti yao. Maua yanafaa, yakifika mapema, kwa sababu kuyaweka majini baada ya machweo kuna masharti yake. Ila kwa mtu wa kwetu nina pendekezo bora: karafuu nzima kutoka Unguja au Pemba, kavu, isiyosagwa, iliyofungwa vizuri. Sabato inapoisha familia hunusa manukato, na karafuu ni miongoni mwa yanayotumika sana. Utakuwa umewaletea kitu ambacho watakitumia kesho yake usiku.

Fuata mfululizo huu utakapofika. Mara nyingi wenyeji huimba kwanza wimbo wa kuwakaribisha malaika, kisha mume huimba Mithali 31, sifa za mke mwema, mbele ya mkewe. Wazazi huwawekea watoto mikono kichwani: mvulana huombewa awe kama Efraimu na Manase, msichana kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Kisha watu husimama au huketi, kila nyumba na desturi yake, na mwenyeji hubariki Sabato kwa kikombe cha mvinyo. Usipokunywa kileo sema tu. Juisi ya zabibu inakubalika kabisa kwa baraka hiyo, na nyumba nyingi huwa nayo kwa ajili ya watoto. Wewe usijimiminie wala usiwamiminie wengine. Kuna sheria ya zamani, iliyotokana na hofu ya mvinyo wa ibada za sanamu, kwamba mshika dini hanywi mvinyo ulioshikwa na asiye Myahudi isipokuwa ule uliochemshwa. Mwachie mwenyeji chupa, usilichukulie kama tusi.

Baadaye watanawa kwa kikombe chenye mikono miwili, wakianza na mkono wa kulia. Hapa ndipo wageni hukosea mara nyingi bila kujua: baada ya kunawa hawasemi neno mpaka wamekula mkate. Mtu akikutazama kimya huku ameshika mikono yake, hajakukasirikia. Ngoja. Mikate miwili iliyofunikwa kitambaa itafunuliwa. Ni miwili kwa kumbukumbu ya mana iliyoshuka maradufu siku ya sita jangwani. Mwenyeji hukata, huchovya kwenye chumvi, hugawa.

Kuanzia hapo ni chakula na nyimbo, samaki, supu, nyama, na maswali mengi kuhusu kwenu. Jiandae kuulizwa kuhusu familia yako, dini yako na shamba lenu. Kula polepole, kwa maana sahani hazikomi. Mwishoni husomwa au huimbwa sala ndefu ya shukrani; kaa kimya mpaka iishe.

Sasa kuhusu taa. Torati inakataza kuwasha moto siku ya Sabato, na walimu wa kale waliorodhesha aina 39 za kazi zilizokatazwa: kupika, kuandika, kufuta, kushona, kubeba kitu kutoka nyumbani kwenda barabarani na nyinginezo. Umeme umeingizwa humo. Msabato wa kwetu ataitambua ile ya machweo hadi machweo, lakini hili la taa litamshangaza. Taa zitakazowaka zimeachwa zikiwaka tangu alasiri au zimetegeshwa saa maalumu. Kwa hiyo ukitoka chooni usizime taa. Mgeni mwenye adabu zake, aliyelelewa asipoteze umeme, akizima tu familia nzima itakaa gizani chooni mpaka kesho usiku. Na ukizima kwa bahati mbaya, usikimbilie kuwasha ukidhani unawasaidia: sheria yao hairuhusu kufaidi kazi ambayo mtu mwingine amewafanyia siku hiyo. Mwambie mwenyeji, yeye ataamua. Simu iache hotelini, au izime na usiitoe. Picha ya meza hiyo usiipige, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Hatua ya 5: Ipange Jumamosi yako

Asubuhi hotelini utakuta lifti inayopanda na kushuka yenyewe, ikisimama kila ghorofa, ili asiwepo wa kubonyeza kitufe. Ukiwa na haraka tumia nyingine au ngazi. Mayai yatakuwa ya kuchemsha, yamewekwa yakiwa moto tangu jana. Usiagize ya kukaanga. Vyakula vya Sabato vimebuniwa kwa sheria hiyo hiyo: hamini ni maharage, shayiri, viazi na nyama vilivyoachwa juu ya moto mdogo usiku kucha, na Wayahudi wa Yemeni wana jahnuni, unga uliokunjwa na kuokwa taratibu hadi asubuhi, ukiliwa na nyanya iliyoparuzwa na pilipili. Ukikaribishwa jahnuni usikatae.

Kwa matembezi, Jumba la Makumbusho la Israeli, lenye hati-kunjo za Bahari ya Chumvi, hufunguliwa Jumamosi, ilhali Yad Vashem, kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi ya enzi za Hitler, hufungwa. Iweke siku nyingine na uipe nusu siku nzima. Katika Mji Mkongwe wa Yerusalemu maduka ya Waislamu na ya Wakristo huendelea na biashara. Uwanja wa Al-Aqsa huwapokea wasio Waislamu kuanzia Jumapili hadi Alhamisi tu. Ukihitaji kusafiri, mabasi ya Waarabu karibu na Lango la Dameski hutembea, na teksi za pamoja kati ya Yerusalemu na Tel Aviv huchukua abiria kumi hivi, nauli ikipitishwa mbele mkono kwa mkono. Shirika la ndege la El Al halirushi ndege zake siku hiyo, mengine hurusha.

Usiingie Mea Shearim kwa gari Jumamosi. Mtaa huo ulianzishwa 1874, wakazi wake ni washika dini wakali, na mabango yanasema wazi mgeni avae vipi. Ukienda kwa miguu, nenda wawili au watatu, si kundi la watu arobaini na kiongozi mwenye kipaza sauti. Wale ni watu majumbani mwao, wanakwenda kusali na watoto wao.

Nyota tatu zinapoonekana Sabato inaisha. Ukiwa na familia, omba uwepo kwenye havdala, ibada fupi ya kuiaga Sabato: kikombe cha mvinyo, manukato yanayopita mkono hadi mkono, na mshumaa wenye tambi kadhaa zilizosukwa pamoja, ambao huzimwa kwenye mvinyo. Ni dakika chache tu. Baada ya hapo simu zinawashwa, mabasi yanarudi taratibu, na migahawa hujaa hadi usiku wa manane.

Hatua ya 6: Zijue sahani

Chakula kilichoruhusiwa huitwa kosheri. Mwislamu ataona mengi anayoyajua: nguruwe haliwi, damu hailiwi, mnyama huchinjwa kwa kisu kikali na mtu aliyefunzwa. Tofauti zipo, na si ndogo. Ngamia, ambaye kwa Mwislamu ni halali, kwa Myahudi ni haramu kwa sababu kwato zake hazikupasuka kikamilifu. Sungura vilevile. Samaki lazima awe na mapezi na magamba: sangara na sato wanaruhusiwa, kambale hapana, wala pweza, ngisi na kamba.

Lakini kinachomsumbua zaidi mtu wa kwetu ni nyama na maziwa. Torati inakataza mara tatu kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na kutokana na hilo nyama na maziwa havikutani mezani, sufuriani wala tumboni. Baada ya nyama wengi hungoja saa sita ndipo wanywe maziwa. Nyumba ya mshika dini ina seti mbili za vyombo. Kwa msafiri maana yake ni hii: baada ya chakula cha jioni cha nyama hakuna chai ya maziwa. Utaletewa ya rangi, nawe uinywe hivyo bila kuomba. Mkahawa wa kosheri huwa wa nyama au wa maziwa, na cheti chake hutundikwa ukutani au dirishani. Usiingie na chakula cha kununua kwingine, na jikoni kwa watu usichukue kijiko chochote bila kuuliza.

Hatua ya 7: Mlangoni, na penye msiba

Kwenye mwimo wa kulia wa mlango utaona kikasha kidogo kilichoinama. Ni mezuza; ndani yake kuna ngozi iliyoandikwa maneno ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6 na ya 11. Wenyeji hukigusa na kubusu vidole. Wewe huna wajibu huo, ila usikichezee.

Mshika dini hampi mkono mtu wa jinsia nyingine asiye wa familia yake. Weka mkono kifuani na uinamishe kichwa, salamu imefika.

Ukikuta nyumba yenye msiba, wafiwa hukaa siku saba kwenye viti vya chini. Wageni huingia bila kubisha hodi, hawasalimu, huketi kimya mpaka mfiwa aanze kusema. Makaburini watu huweka jiwe dogo badala ya maua.

Kama safari ya mbali haijawezekana

Nenda Mbale, mashariki mwa Uganda. Kwenye kilima cha Nabugoye na vijiji vya jirani wanaishi Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 alipoamua kuishika Torati pamoja na wafuasi wake. Walipita kipindi kigumu chini ya Idi Amin, aliyepiga marufuku ibada yao, na bado wapo, wakiimba Zaburi kwa Kiebrania na Kiganda. Wasiliana nao kabla, uliza malazi, na ufike Ijumaa mchana. Yote niliyosema kuhusu simu, picha, mvinyo na mavazi yanatumika huko pia.